Gogo moja lina mbao za aina nne, lisome kabla hujalipasua

Msonobari mkubwa ukishalala chini, kitu cha kwanza watu wanachosema ni kuni. "Mti laini huu, utafanyia nini zaidi?" Akija wa pili anasema tupasue lote saizi moja, tupange, tujengee. Mi nimekaa karibu na misumeno muda wa kutosha na nakwambia wote wawili wanaupoteza mti, ila huyu wa pili ndo ananiuma zaidi, kwa sababu siku ya kwanza mbao zake zinatoka nzuri, zimenyooka, zinanukia mpaka raha, alafu baada ya wiki kadhaa nusu ya lundo imejinyonga, zingine zimepinda kama upinde, zingine zimeota madoa ya bluu, na mwenyewe anaanza kulaumu aina ya mti wakati mti haukuwa na kosa lolote.

Kosa ni kuliona gogo kama kitu kimoja. Gogo nene la msonobari, mwerezi, saipresi au ndugu zao wengine wote wanaozaa koni lina mbao za tabia tofauti kabisa zimefungwa pamoja kwenye gome moja, na kila moja ina kazi yake. Ukijua ipi iko wapi kabla msumeno haujagusa, kazi inakuwa rahisi. Usipojua, unabahatisha kila ubao.

Kwanza tuondoe hili neno "mbao laini" maana linapotosha sana. Hilo ni jina la ukoo wa miti ya koni tu, sio kipimo cha ugumu. Balsa, ule mti mwepesi wanaotengenezea ndege za kuchezea, kitaalamu uko upande wa mbao ngumu. Na Taxus wa Ulaya, ambao zamani walikuwa wanatengenezea pinde za vita, uko upande wa mbao laini na ni mgumu kuliko miti mingi inayoitwa migumu. Na kwa wanaosema mbao hizi zinaoza haraka, hekalu la Hōryū-ji kule Japani lina majengo ya mbao za saipresi ya kijapani yenye miaka zaidi ya 1,300 na bado yamesimama. Kanisa la Borgund kule Norway limejengwa kwa misonobari mwishoni mwa miaka ya 1100, lipo mpaka leo, mvua na theluji yote hiyo. Kwa hiyo mtu akikwambia mti wa koni ni wa kuni, muulize mafundi wa Borgund walikuwa wanajua nini ambacho yeye hajui.

Walichokuwa wanajua ni kulisoma gogo. Chukua brashi ya waya na maji, safisha ile sehemu iliyokatwa, au kata kipande chembamba upya ili uone vizuri, alafu angalia pete. Katikati kabisa kuna kidoti, huo ndo moyo wa mti, mti ulivyokuwa mche mwembamba kama kidole. Sasa jiulize, kidoti kiko katikati kweli? Kama kimesogea upande mmoja, yaani upande mmoja pete ni nyembamba zimebanana na upande wa pili ni nene, tena huo upande mnene una rangi nyekundunyekundu ya kahawia yenye umbo la mwezi mchanga, basi mti ulikuwa umeinama. Miti ya koni ikiinama inajisukuma kutoka chini, inajenga mbao nzito upande wa chini wa mwinamo ili ijinyanyue. Miti yenye majani mapana inafanya kinyume, inajivuta kutoka juu. Hiyo mbao ya kujisukuma ndo aina ya kwanza, ni ngumu, unaweza ukaipenda kwa macho, lakini ndo msaliti mkubwa kuliko wote.

Nieleze kwa nini maana hapa ndo watu wengi wanapotea. Mbao ya kawaida ikikauka inasinyaa upana na unene, ila kwa urefu inasinyaa kidogo mno, asilimia 0.1 mpaka 0.2 hivi kutoka mbichi hadi kukauka kabisa. Ubao wa mita 4 unapoteza milimita 4 mpaka 8, hakuna anayeona. Ile mbao ya upande ulioinama inaweza kusinyaa kwa urefu asilimia 1 na zaidi, yaani kwenye mita 4 hizo hizo ni sentimita 4. Sasa fikiria ubao ambao ukingo wake mmoja ni mbao ya kawaida na ukingo wa pili ni hiyo nyekundu. Ukingo mmoja umefupika milimita 5, mwingine unataka kufupika sentimita 4, na wote wameshikana. Lazima upinde, hakuna mawe utakayoweka juu yake yatakayoushinda. Dawa yake ni kuutenga huo upande tangu mwanzo, usije ukatoa boriti humo wala mbao ya fremu ya mlango. Katia vipande vifupi, vigingi, au hapo sasa ndo kuni kweli.

Aina ya pili ni utoto wa mti. Pete za mwanzo kuzunguka moyo, 10 mpaka 20 hivi, mti ulizijenga ukiwa mdogo na una haraka ya kwenda juu, kwa hiyo ni mbao nyepesi, dhaifu kidogo, nyuzi zake zimelala kwa mzunguko, na ndo zinazojinyonga zikikauka. Kama mti ulikua kwa kasi na kila pete ina sentimita 1, hesabu mwenyewe, pete 15 ni kipenyo cha sentimita 30 cha utoto mtupu. Kwenye mti mwembamba hiyo ni karibu gogo zima, ndo maana mbao za miti iliyovunwa ikiwa midogo zinasumbua. Kwenye mti mkubwa utoto umebaki katikati na umezungukwa na mbao iliyokomaa, na hapo ndo utajiri wa mti mkubwa ulipo. Sasa kitu ambacho watu hawakifikirii, huo utoto umekaa kama bomba, unapanda kutoka shinani mpaka kileleni na unene wake haubadiliki sana, wakati gogo lenyewe linapungua unene kadiri unavyopanda. Kwa hiyo gogo la juu kabisa ni bomba lenyewe tu na ganda kidogo. Mtu anayepasua gogo la juu akitegemea mbao za ubora wa gogo la chini anajidanganya.

Aina ya tatu ndo dhahabu, mbao ya nje ya gogo la chini. Matawi ya chini yalidondoka au yalikatwa zamani, mti ukaendelea kunenepa juu ya makovu, kwa hiyo mita 4 au 5 za kwanza kutoka shinani unapata mbao safi haina jicho, yaani alama ya tawi, hata moja. Aina ya nne ni ile ya magogo ya katikati, imekomaa lakini ina macho. Jicho la tawi lililokuwa hai limeungana na mbao, halitoki, mbao yake unaifanyia mambo mengi tu. Jicho la tawi lililokufa likiwa bado limesimama lina gome jeusi kulizunguka, na mbao ikikauka linadondoka lenyewe linaacha tundu, nimeshaona rafu za vitabu zenye matundu unaweza kupitisha kidole.

Haya, mti uko chini na umeshausoma. Sasa muda. Kwenye joto na unyevu, mbao ya nje ya gogo bichi inaanza kuota ukungu wa bluu ndani ya siku au wiki chache, na mende wa magome wanausaidia maana wanaubeba wakiingia. Huo ubluu wenyewe haupunguzi nguvu ya mbao kwa kiasi cha kukutisha, ni rangi tu, mbao ya bluu inabeba paa vizuri kabisa na kuna wanaoipenda kwa fanicha. Ila ni ishara kwamba mlango umefunguliwa, kuoza kwenyewe kunafuata nyuma. Kama huwezi kupasua haraka basi paka rangi nzito au nta kwenye ncha za magogo siku hiyo hiyo ili zisipasuke, yanyanyue yasiguse udongo, au ufanye kinyume kabisa, yaloweshe. Gogo lililojaa maji halina hewa, na ukungu bila hewa hauishi. Mwezi Januari 2005 dhoruba iliyoitwa Gudrun iliangusha misitu kusini mwa Sweden, karibu mita za ujazo milioni 75 kwa mpigo mmoja, viwanda visingeweza kupasua yote hayo kwa mwaka mmoja wala miwili, kwa hiyo walipanga magogo milima kwa milima wakawa wanayamwagia maji usiku na mchana. Lundo la Byholma, kwenye uwanja wa ndege wa zamani, peke yake lilikuwa na kama mita za ujazo milioni 1. Waliokoa mbao kwa maji tu.

Kwenye kupasua kwenyewe nitasema mambo mawili matatu. La kwanza uzito. Gogo la kipenyo cha sentimita 80 na urefu wa mita 4 lina mita za ujazo 2, na likiwa bichi unaongelea tani moja na nusu mpaka 2. Hilo likibingirika halisimami kwa mguu wa mtu. Weka kabari pande zote kabla ya kitu kingine chochote, na usisimame upande wa chini wa mteremko hata kama ni sekunde moja tu, naongea kwa uchungu kabisa hapa maana watu wanaumizwa na magogo pia, sio na msumeno peke yake.

La pili ni unene wa njia ya msumeno, yaani mbao inayogeuka vumbi kila unapopita. Chenso inakula milimita 9 hivi, msumeno wa mkanda unakula 2 au 3. Inaonekana kitu kidogo. Fanya hesabu, ukipita mara 20 kwenye gogo, chenso imekula milimita 180 na mkanda umekula 50. Tofauti ni milimita 130, yaani mbao tano za milimita 25 zimekwenda na upepo kwenye gogo moja, tena pana zile za katikati. Lakini chenso ina faida yake, inakwenda kwa mti, haisubiri mti uletwe. Kama mti umeangukia mahali ambapo hakuna gari linafika, chenso yenye fremu ya kuongozea ndo jibu na vumbi utalivumilia. Ila badilisha mnyororo. Mnyororo wa kawaida meno yake yamenolewa kwa nyuzi 30 hivi kwa ajili ya kukata kwenye upana wa mti, kwa kupasua kufuata urefu wananoa nyuzi 10 hivi au chini, na ukisahau hilo mashine inachemka, ubao unatoka na mawimbi na mikono inakufa ganzi kabla ya saa sita.

La tatu, geuza gogo. Usipasue upande mmoja mpaka mwisho kama unakata mkate. Ndani ya gogo kuna mivutano, nje inavuta na katikati inasukuma, ukitoa mbao nyingi upande mmoja gogo lenyewe linaanza kupinda kwenye mashine na ubao wako unakuwa mnene ncha moja na mwembamba ncha nyingine. Toa kadhaa, geuza, toa kadhaa, geuza, ukikaribia ule utoto wa katikati simama. Hapo una chaguo, uache kama boriti moja nene yenye moyo ndani yake, itapasuka ufa mmoja ikikauka ila haitajinyonga sana maana pande zote zinavutana sawa, au uikate vipande vya kazi ndogo. Usitoe ubao mwembamba wenye moyo wa mti katikati yake, huo utapasuka pale pale kwenye moyo, hakuna namna.

Alafu kuna mwelekeo wa pete. Mbao inasinyaa karibu mara mbili zaidi kufuata mzunguko wa pete kuliko kuelekea moyoni. Ndo maana ubao ambao pete zake zimelala zinajikunja kama kigae cha paa, na ubao ambao pete zake zimesimama wima unabaki bapa. Kwa gogo jembamba huna uchaguzi. Kwa gogo nene unao, ligawe robo nne kwanza, alafu pasua kila robo ukielekea moyoni, unapata mbao chache kidogo na kazi ya kugeuza inachosha lakini hizo ndo mbao za mlango, za meza, za sakafu. Nyuso za violin na gitaa zinatokana na msprusi, mti mwingine wa koni, uliopasuliwa hivyo hivyo, pete zimesimama na zimebanana, kwa sababu mti huo ni mwepesi na mgumu kwa pamoja, unatetemeka vizuri. Ndugu Wright, wale Wamarekani waliorusha ndege ya kwanza ya injini, nao mwaka 1903 fremu ya ndege yao ilikuwa msprusi kwa sababu hiyo hiyo.

Kukausha ndo sehemu watu wanaifanyia haraka na ndo inayoamua kila kitu. Mbao mbichi ya nje ya msonobari inaweza kuwa na maji mazito kuliko mbao yenyewe, unyevu zaidi ya asilimia 100 ya uzito mkavu. Maji ya kwanza yanayotoka ni yale yaliyojaa kwenye matundu ya nyuzi, yakitoka mbao inakuwa nyepesi lakini haibadiliki umbo. Ikifika karibu asilimia 30 hayo yamekwisha, na kuanzia hapo yanatoka yale yaliyofungwa ndani ya kuta za nyuzi zenyewe, na hapo ndo kusinyaa kunaanza. Kwa hiyo mtu anaangalia lundo lake wiki za mwanzo anaona kila kitu kimenyooka, anafurahi, anaondoa mawe juu, na kumbe mchezo wenyewe ulikuwa bado haujaanza.

Panga juu ya misingi iliyo sawa kabisa, nyanyua sentimita 30 au 40 kutoka ardhini. Kila safu itenganishwe na vijiti vikavu vya unene wa milimita 20 mpaka 25, umbali wa nusu mita hivi, na kila kijiti kikae juu kabisa ya kijiti cha chini yake mpaka kwenye msingi. Kikisogea sentimita 10 tu uzito wa juu unaukunja ubao mahali hapo na utabaki hivyo hivyo maisha yake yote. Funika juu kuzuia mvua na jua, pembeni acha wazi upepo upite, na weka uzito wa kutosha. Turubai la kufunika mpaka chini ni kosa, unakuwa umeufungia ukungu nyumba. Mbao za milimita 25 za miti ya koni zinachukua miezi michache, nene zinachukua zaidi sana. Kama huna kipima unyevu, tia alama ubao mmoja, upime kwenye mizani kila wiki na uandike, ukiacha kupungua uzito umefika pale hewa ya hapo inaporuhusu. Kwa fanicha ya ndani unahitaji zaidi ya hapo, lazima uingize ndani au kwenye tanuri la kukaushia, na tanuri lina faida nyingine kwa msonobari, likipanda nyuzi 70 na zaidi linagandisha utomvu. Usipofanya hivyo kiti kikikaa juani kinatoa matone ya ulimbo yanashika nguo.

Sasa matumizi, na utaona yameshajipanga yenyewe. Ile safi ya gogo la chini iende kwenye milango, madirisha, meza, ngazi. Ile yenye macho yaliyoshika iende kwenye paa na fremu za kuta, huko nguvu ndo inatakiwa. Utoto wa katikati na vifupi viende kwenye kreti, mbao za kumwagia zege, na pallet, na pallet zinazovuka mipaka lazima zitibiwe, na njia iliyozoeleka ni kuzipasha moto mpaka kiini cha mbao kifike nyuzi 56 kwa dakika 30, ili wadudu wasisafiri nazo. Siku hizi pia kuna viwanda vinakata macho na kasoro zote, vinaunga vipande kwa gundi na kupata mihimili mirefu kuliko mti wenyewe, wazo ambalo Otto Hetzer wa Ujerumani alilisajili tangu 1906, na jengo la Mjøstårnet kule Norway lililokamilika 2019 lina urefu wa mita 85 juu ya mihimili ya namna hiyo.

Kwa kazi za nje angalia rangi. Kiini chenye rangi cha mwerezi na baadhi ya saipresi kina kemikali zake za asili na kinavumilia mvua chenyewe. Ile mbao nyeupe ya nje haivumilii kwa mti wowote, lakini ndo inayokunywa dawa vizuri, na kiini kinaikataa dawa. Kwa hiyo nguzo ya uzio nzuri ya msonobari ni ile iliyobaki duara, weupe wote ukiwa nje umeshiba dawa. Dawa ya shaba, kromiamu na aseniki aliyobuni Sonti Kamesan wa India mwaka 1933 ndo iliyofanya nguzo za msonobari zidumu miaka mingi ardhini, ila vipande vyake usichome, sio jikoni wala popote, moshi na majivu yake yana aseniki.

Na ukubwa wa mti peke yake haukupi mbao. Kwenye miaka ya 1890 kule Converse Basin, California, waliangusha misekwoya mikubwa mno, miti ya miaka elfu na zaidi, na mbao yake ya zamani ni dhaifu na inavunjika kirahisi, miti mingi ilipasuka vipande ilipogonga ardhi. Sehemu kubwa ya kilichookolewa ikawa vigae vya paa, nguzo za uzio na vijiti vya kushikia mizabibu. Kwa hiyo namna mti unavyoangukia ni sehemu ya upasuaji, ukiangukia jiwe au kisiki kuna ufa ndani ambao utauona tu ubao ukifunguka mkononi.

Mabaki usiyadharau maana karibu nusu ya gogo inabaki pale chini. Mabanzi yenye gome yanafanya uzio na kuta za banda, yabandue gome kwanza ndo mende wasikae. Maranda na vumbi ni matandiko ya mifugo, au unayarundika miezi mingi na samadi mpaka yaive, ukiyamwaga mabichi shambani yanakula naitrojeni ya udongo na mimea inageuka njano. Gome lenyewe limwage kwenye njia ya kupita kati ya vitanda vya bustani, linachelewa kuoza na magugu yanapata shida kulipenya.